Fundo la Meza

4 Februari

Mama Watoto,

Nimefika salama, ingawa mgongo wangu ulifika baadaye kidogo, maana kiti cha basi kilikuwa na chuma kilichochomoza mahali pabaya. Nimepata chumba nyuma ya stendi, juu ya duka la matairi. Usicheke. Unajua silali vizuri nisiposikia injini zikiwashwa.

Nashika ahadi yetu: mambo ya kuhama tutayaongea kwa barua, simu ibaki ya kuwasalimia watoto. Mara ya mwisho tulipojadili nyumba kwa simu wewe ulinikatia, na mimi nikamkaripia mhudumu aliyeniletea chai. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, yule mwenye mwanya. Ameapa ataifikisha kibandani kwako mwenyewe.

Mkuu wa kazi amenieleza upya. Kituo changu kipya kina miji mitatu, na masoko ya yote matatu nitayazungukia mimi, nikikagua mizani za wafanyabiashara. Familia ikae mji upi, hilo ni letu. Anachotaka ni jibu kabla ya mwisho wa Machi ili ofisi isaini mkataba wa nyumba. Tusipojibu, nitapewa kitanda kwenye bweni la wafanyakazi, ninyi mbaki huko na mimi niwe mgeni wa mwisho wa mwezi. Sitaki hayo. Mwanetu Tonge ameanza kusimama kwa kushika kiti, na sitaki apige hatua yake ya kwanza mimi nikiwa napima mawe ya muuza viazi.

Nyumba ya kwanza nimeiona leo. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mama mwenye uso mkavu na maneno machache. Bomba liko ndani. Ua wa nyuma una kamba za kuanikia, zahanati iko mtaa wa pili, na binti yetu Bi Mdogo anaweza kwenda shule bila kuvuka barabara kubwa. Sebule yake ina dirisha pana, mwanga wa kutosha kutunga uzi kwenye sindano hata siku ya mawingu. Nikatoa mfukoni ule uzi wa vipimo ulionifungia, kila fundo likionyesha urefu wa kitu chetu kimoja. Fundo la kitanda cha watoto likakubali, na nafasi ikabaki. Nikaja kwenye fundo la meza. Nikashika ncha ukutani, nikanyoosha, nikagonga ukuta wa pili fundo likiwa bado kiganjani mwangu. Nikageuza upande mwingine, yale yale.

Mwalimu akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia meza ya mke wangu ya kukatia nguo haiingii, na isipoingia meza hatuingii sisi. Akanitazama kama mwanafunzi aliyekosea hesabu rahisi.

Sokoni nimemkamata muuza nyama aliyebandika kipande cha risasi chini ya sahani ya mizani. Nikamuuliza swali langu la siku zote: unaogopa nini? Akasema anaogopa hasara. Wote husema hivyo, halafu ukikaa nao kidogo unasikia lingine.

Wabusu watoto. Kesho naangalia nyumba nyingine hapa hapa, lakini moyo umeshaanza kutazama mji wa pili.

Mumeo,
Bwana Mizani


11 Februari

Baba Watoto,

Yule mwenye mwanya ameleta barua, akakaa kwenye kibenchi akisubiri nimshonee mfuko wa suruali uliotoboka. Kwa hiyo posta yako si ya bure.

Nyumba ya mwalimu iache. Mimi na meza yangu ni kitu kimoja, ulijua hivyo ulipokuja kuchumbia. Marehemu mama alikatia juu yake nguo za mtaa mzima, na mimi nililala chini yake nikiwa mchanga, vipande vya kitambaa vikiniangukia usoni. Siwezi kukatia sare sakafuni nikiinama kama mtu aliyepoteza pete. Kama haiingii, haiingii, na wala sikulaumu.

Huku ni kazi juu ya kazi. Shule mbili zimeniletea oda, na kuna moja imeuliza kama nitachukua na sare za mwakani. Nimewaambia tutaona. Tonge anatafuna vigurudumu vya nyuzi, jana nimemtoa uzi mwekundu mdomoni mrefu kama habari za dada yako. Bi Mdogo ameng'oka jino la mbele. Hakutaka nilitupe, amelitia ndani ya boksi lake. Anakuuliza kama huko uliko kuna paka.

Usikimbilie kuchagua. Nyumba si nyanya kwamba itaoza. Ukiona hakuna inayofaa, basi hakuna, urudi tu.

Mkeo,
Fundi


20 Februari

Mama Watoto,

Paka wapo, mwambie. Mmoja amelala juu ya begi langu sasa hivi na nashindwa kutoa soksi.

Niko mji wa pili. Ungeuona! Barabara zake zinapanda na kushuka, kila ukikata kona unaona kitu kipya, na upepo wake unakufanya utembee haraka hata kama huna unakokwenda. Nilipofika tu nikasema hapa ndipo. Ule mji wa kwanza nimeshausahau, ulikuwa umetulia mno, watu wanasalimiana kama wana siku nzima.

Nyumba niliyoipata iko juu ya duka la mchapishaji wa kadi za harusi. Mashine zake zinanguruma mchana, jioni zinanyamaza. Vyumba viwili, na kibaraza ambacho ukisimama unaona mabasi yote yanayoingia na kutoka. Nilisimama pale mpaka mchapishaji akadhani nimeugua.

Lakini uzi umegoma tena. Fundo la kitanda linakubali, fundo la meza linakataa. Na sebule ile si ndogo, mke wangu. Nimeitembea. Ndipo nikajiuliza, hivi meza yetu imeongezeka tangu niondoke? Ipime tena, uniandikie. Sikushuku, nauliza tu kama mtu wa kazi anavyouliza.

Kesho kutwa naenda mji wa tatu. Begi limeshafungwa, nikimwondoa paka tu. Nakiri kwamba nikilifunga najisikia mwepesi. Wanaume wenzangu hapa chumbani wanaongea habari za kwao, mimi naongea habari za kesho.

Mumeo,
Bwana Mizani


28 Februari

Baba Watoto,

Nimepima. Ni ile ile.

Umeniuliza kama mtu wa kazi, nakujibu kama mtu wa kazi. Mimi nimepima viuno vya watu tangu sijaota meno ya pili. Fundi mwenye akili huacha nafasi kidogo, kwa sababu mtoto hukua na kitambaa hurudi kikifuliwa. Lakini meza haikui na hairudi. Kwa hiyo usinifanye mmoja wa wale wauza viazi wako.

Na hilo la begi, nilitamani usingeliandika. Nimelisoma mara mbili nikaacha pasi juu ya kola ya mtu, kola imeungua. Unajisikia mwepesi. Mimi kila ukifunga begi najisikia nimebebeshwa. Tulihama mara ya kwanza nikiwa na mimba ya Bi Mdogo, ukasema tunakwenda kwenye hewa nzuri. Tukahama tena kwa sababu mtaa ulikuwa na kelele, kisha kwa sababu ulikuwa kimya. Ya nne sikumbuki hata sababu yake. Na kila tukifika mimi ni fundi mgeni. Wanawake wananiletea kwanza nguo mbovu, ya kubadilisha zipu, waone mkono wangu. Mwaka mzima ni zipu. Nikishaanza kupewa nguo za harusi, wewe unaanza kusimama dirishani.

Mimi sikatai kuhama. Nasema tu meza haiingii.

Bi Mdogo anakusalimu. Tonge anasimama peke yake sasa, anahesabiwa na dada yake, halafu anakaa chini kwa kishindo na kucheka.

Mkeo,
Fundi


9 Machi

Mdogo wangu,

Dereva mwenye mwanya ananifahamu, nilimtibu jipu nikiwa bado nesi, ndiyo maana barua hii imekufikia bila mkeo kujua. Sijaja kumsema. Nimekuja kukusema wewe.

Nimekaa kwako juma lililopita kumsaidia na watoto. Unajua lile boksi la sabuni ambalo Bi Mdogo hulala nalo karibu na mto? Mimi nilidhani ni mchezo. Nikasema nimpangie vitu vyake dirishani, mwanasesere wake, vikombe vyake vya plastiki, mawe yake, apate pa kuchezea vizuri. Akaviondoa kimoja kimoja, akavirudisha ndani, akafunga mfuniko. Hakulia wala hakununa. Nikamuuliza, mwanangu, kwa nini vitu vyako havikai nje? Akanijibu, "Shangazi, vikikaa nje siku ya gari vinasahaulika."

Ana miaka sita. Ameishi nyumba ile miaka miwili na hajatoa vitu vyake kwenye boksi.

Nikamwambia mama yake. Akageuka akaendelea kushona, lakini mshono ule ulikwenda upande, na mkeo mshono wake hauendi upande. Kwa hiyo analijua siku nyingi. Wewe je, ulikuwa unalijua? Au ulikuwa dirishani?

Tangu utotoni ulikuwa hivyo. Baba akituhamisha, sisi tunalia, wewe unakaa mbele na dereva. Hiyo ndiyo damu yako na sikulaumu kwa damu. Ila sasa nyuma ya gari umepakia watu.

Chagua pahala, ukae. Au rudi nyumbani, ukae. Mimi yote mawili nitayaunga mkono. Kuzunguka kwako ndiko kulikonichosha.

Dada yako mkubwa


17 Machi

Mama wa wanangu,

Dada ameniandikia. Usimkasirikie, kasirika na mimi, kazi hiyo inanitosha peke yangu.

Nilikuwa mji wa tatu barua yake ilipofika. Nyumba ya huko nilikuwa nimeshaikataa, uzi mkononi. Niliisoma barua nimesimama stendi, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikaona mabasi nikatamani kukaa chini. Nikapanda la kurudi mji wa kwanza.

Sasa nisikilize. Meza yako nimeibeba mara nne. Nimeipitisha kwenye milango minane, nimeigeuza ubavu, nimeiinua juu ya ngazi wewe ukinielekeza kutoka nyuma kama rubani. Bega langu la kulia linaijua kuliko linavyojua shati. Siku ile kwa mwalimu, uzi ulipogonga ukuta, nilijua papo hapo kwamba fundo limefungwa mbali. Mimi ndiye mtu anayelipwa kugundua hayo. Nilijua nikakunja uzi, nikautia mfukoni, nikamwambia mwalimu meza haiingii.

Kwa nini sikukuandikia? Hapa ndipo penye aibu yangu. Kwa sababu lilinifaa. Ukinidanganya wewe, naruhusiwa kwenda kuangalia mji wa pili, kisha wa tatu, na kosa si langu, ni la uzi. Wewe ulifunga fundo ili nisiondoke, mimi nikalitumia kuendelea kuzunguka. Muuza nyama mwenye risasi chini ya sahani angetucheka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu na futi ya chuma ya ofisi. Dirishani nikaona mapazia ya kijani. Kuna watu ndani, mume na mke na mtoto wa kunyonya, wamehamia tarehe mosi. Ua wetu umeanikwa nepi zao. Nikamwambia mwalimu kwamba nilikosea, meza ingeingia. Akaniangalia kwa utulivu, akasema, "Wewe ni mkaguzi wa mizani. Uliniambia haiingii. Ningekushuku kwa lipi?"

Nimetafuta katika mtaa ule ule. Iliyobaki ni moja tu, karibu na fundi viatu. Haina ua, ina kibaraza. Bomba liko nje, tunachangia na jirani. Shule na zahanati ni zile zile. Mwanga upo. Nimepima sebule kwa futi ya chuma, nikakaa chini na bega langu nikahesabu, na sasa, mke wangu, ni kweli. Meza haiingii. Inazidi kwa shubiri moja. Nimerudia mpaka fundi viatu akaja kuniletea maji.

Nikicheka nitalia, kwa hiyo nakuandikia tu.

Sitachagua mimi safari hii. Nakurudishia uzi. Ukitaka tubaki huko, nitamwambia mkuu wa kazi anirudishe kituo cha zamani. Atanishusha cheo, na cheo nitakivumilia. Kama atakataa, nitaacha kazi, nikae sokoni nitengeneze mizani za watu badala ya kuzikamata. Ukitaka tuje hapa, rudisha uzi na fundo la kweli, nami nitajua. Lakini kwanza nijibu swali ninalowauliza wote, ambalo wewe sikuwahi kukuuliza hata siku moja. Unaogopa nini?

Mumeo


24 Machi

Baba wa wanangu,

Ulijua. Nimeikunja barua yako nikaenda kuosha vyombo visafi. Siku zote hizi mimi nasali usigundue, na wewe umeshagundua, unalala vyumba vya wageni. Watu wazima wawili tunapigana chenga kwa uzi, na watoto wanalala katikati.

Umeniuliza, nakujibu. Nilipofunga fundo lile nilijiambia naacha nafasi ya kukua, kama ninavyoacha kwenye sare. Uongo. Nilitaka uzunguke uchoke, urudi, useme hakuna nyumba. Siogopi zipu, nimezoea. Siogopi bomba la nje. Naogopa kwamba nitatandika, nitapachika mapazia, nitajua nani anauza maziwa yasiyochachuka, na siku nitakayosema sasa hapa ni kwangu nitageuka nikukute umesimama dirishani. Hiyo ndiyo hofu yangu, haina nyingine chini yake. Na boksi nalijua tangu mwaka juzi. Nilinyamaza kwa sababu mtoto alikuwa na akili kuliko mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua na kufunga.

Nyumba ya mwalimu nimeililia. Nimelia kama mtu aliyeiona. Mapazia ya kijani ni ya kwangu mimi na wewe, tumeyapachika kwa mikono yetu.

Shule imekuja jana kuuliza tena juu ya sare za mwakani. Nimewaonyesha fundi mwingine, binti mmoja mtaa wa nyuma ana mkono mzuri. Halafu nikamwita seremala. Nilichora mstari mwenyewe, kwa chaki yangu ya kukatia, shubiri moja kutoka ukingoni, upande ambao mama alikuwa akiweka mkasi wake. Alama za mkasi bado zipo. Seremala akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Akasema mbao kama hii haikatwi. Nikamwambia mama yangu alikata kila kitu kilichopita hapo juu, hatashangaa. Aliposhika msumeno nilitoka nje nikambeba Tonge, na msumeno nikausikia mpaka mwisho. Baada ya hapo amesogeza miguu, meza imesimama sawa.

Kipande kilichobaki nilitaka kukitia jikoni. Bi Mdogo akakichukua, akakilaza sakafuni, akakaa akikitazama. Nikamweleza kwamba baba ameona nyumba, na kwamba kipande hiki kinaweza kuwa rafu ukutani. Mimi nikarudi kwenye cherehani. Niliposimama baadaye nikakuta boksi liko tupu. Vitu vyote amevipanga juu ya mbao, mwanasesere, vikombe, mawe, jino lake, mwanzo hadi mwisho, akisogeza na kurudisha ili vienee. Akaniambia jino likae mwisho kabisa, upande wa dirisha. Tangu jana anakula karibu na ile mbao, anaogopa isije ikaguswa. Tonge amekaa ndani ya boksi na hataki kutoka.

Kwa hiyo uzi ndio huu. Fundo la meza ni la kweli, safari hii sikuacha hata nafasi ya mshono. Fundo la pili ni la rafu. Tafuta ukuta wake kabla ya kutafuta ukuta wa kitu kingine chochote, na misumari iwe mirefu.

Sharti langu ni moja. Lile begi lako la turubai, siku utakayoshusha meza nitalifumua kwa wembe mbele yako, nishone mkoba wa shule wa Bi Mdogo na aproni yangu. Ukiona huwezi, niandikie sasa, kabla sijamwambia mtoto. Kama utaweza, usiandike, njoo. Tonge anapiga hatua mbili na ya tatu anaanguka. Njoo utubebe, bega lako litaona meza imepungua.

Mkeo,
Fundi